Askari wa Nachingwea Mbele ya Kamera

Katika filamu nyingi za vita askari hana tumbo. Hupewa bunduki, adui na, akibahatika, barua kutoka kwa mchumba wake. Lakini ni nadra kumwona akipukuchua mahindi, akishona kiatu, au akingoja siku tatu kando ya lori lililokwama topeni. Mtazamaji hutoka ukumbini akidhani kwamba vita ni mfululizo wa milio, na kwamba kati ya mlio na mlio hapana maisha. Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, wamepitiwa na majeshi mara nyingi mno hata wana kila sababu ya kulitilia shaka jambo hili.

Nchi hiyo ya Wamwera na majirani zao iliungua katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, pale misheni za Nyangao na Lukuledi zilipotiwa moto. Vita hivyo vilipata utenzi wake kutoka kwa mshairi wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Miaka kumi na miwili baada ya Maji Maji yakaja majeshi mengine. Kikosi cha Waingereza kilichotoka upande wa Kilwa kilishuka kupitia bonde la Mbemkuru, na tarehe 10 Oktoba 1917 kikaiteka Ruponda, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Nachingwea. Ruponda haikuwa na ngome. Thamani yake ilikuwa ghala la chakula, na kulipoteza ghala hilo kulimwumiza von Lettow-Vorbeck kuliko kushindwa katika mapigano mengi. Siku chache baadaye, baina ya tarehe 15 na 18, majeshi hayo yakakutana Mahiwa, katika njia ya kwenda Lindi. Upande wa Waingereza peke yake ukapoteza watu wapatao 2,700, waliokufa na waliojeruhiwa. Wanaijeria, Wahindi, askari wa King's African Rifles, na mbele yao askari weusi wa Mjerumani: walioumizana pale aghalabu hawakuwa na ugomvi wowote baina yao. Tarehe 25 Novemba Wajerumani walikuwa wamekwisha kuvuka Ruvuma.

Nyuma ya kila mwenye bunduki walikuwapo wapagazi. Waingereza waliandika watu wapatao milioni moja kwa kazi hiyo katika vita vyote vya Afrika Mashariki, na vifo zaidi ya 95,000 vikaingia madaftarini, vingi vikiwa vya maradhi na njaa. Hao ndio waliokuwa wengi wa jeshi. Lakini mtu akiwatafuta katika The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951 iliyopigwa Kongo na Uganda, atamwona Humphrey Bogart na mashua yake, na askari weusi wasio na majina wanaochoma kijiji na kupotea. Katika Shout at the Devil ya mwaka 1976, ambayo hadithi yake imewekwa kwenye delta ya Rufiji ilhali ilipigwa Afrika Kusini na Malta, mambo ni yaleyale kwa kelele zaidi. Mzigo unafika, ila aliyeubeba haonekani.

Baada ya vita viwili vya dunia Nachingwea ikaingia katika jambo ambalo mtunzi wa tamthilia angeogopa kulibuni. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Katika mradi huo vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa, ikang'olewa. Yaliyobaki ni mashamba yenye namba badala ya majina. Mojawapo, Farm 17, likawa kambi. Kifaru kilikuwa kimegeuzwa trekta, na sasa shamba likageuzwa uwanja wa gwaride.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, ikaanza kupigana tarehe 25 Septemba 1964. Kituo chake cha mafunzo ya kisiasa na kijeshi kilifunguliwa Nachingwea mwaka 1965, kwa hifadhi ya serikali ya Tanzania. Wapiganaji walifika wakiwa Wamakonde, Wanyanja, Wamakua, Wachangani, na wengi hawakuelewana kwa lugha. Kireno cha mkoloni kikachaguliwa kuwaunganisha, ijapokuwa kwa watu wa kaskazini ya Msumbiji, na katika mazungumzo na wenyeji, Kiswahili kilikuwa karibu zaidi na ulimi. Asubuhi ilikuwa ya mazoezi. Kisha jembe, kwani kambi ililima chakula chake. Kisha ubao na chaki, kwani wengi waliikuta alfabeti pale pale walipoikuta bunduki. Mwaka 1967 waliletwa wasichana ishirini na watano kupata mafunzo ya kijeshi, na hao wakawa chimbuko la Kikosi cha Wanawake. Mmoja wao alikuwa Josina, ambaye mwaka 1969 aliolewa na Samora Machel. Hakufa kwa risasi. Aliugua, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Hapana mwongozaji wa sinema ambaye angemwua shujaa wake kwa namna hiyo, kitandani, katikati ya hadithi.

Kwa wapiganaji hawa kamera ilifika mapema. Dragutin Popović wa Yugoslavia aliwapiga filamu tangu katikati ya miaka ya 1960. Robert Van Lierop, mwanasheria Mmarekani mweusi, aliingia Msumbiji mwaka 1971 na kurudi na A Luta Continua. Mwaka huohuo Mwingereza Margaret Dickinson alitoa Behind the Lines, aliyoipiga Niassa. Wageni hao walitembea kwa miguu pamoja na wapiganaji, na labda ndiyo sababu filamu zao zina kutembea kwingi. Ndani yake mna mstari mrefu wa watu wanaokwenda kimya, wanawake wenye masanduku ya risasi vichwani, zahanati chini ya mti, watoto wanaoandika mchangani. Milio ni michache. Mpagazi aliyekosekana katika filamu za Huston na wenzake amerudi hapa, na safari hii anayo bunduki yake mwenyewe begani.

Haifai hata hivyo kuzisifu filamu hizi kupita kiasi. Zilikusudiwa kuonyeshwa makanisani, vyuoni na katika vyama vya wafanyakazi huko Ulaya na Marekani, mbele ya watu waliokuwa wakiambiwa na Ureno kwamba msituni hapana ila majambazi. Ilibidi zionyeshe shule na shamba, maana shule na shamba ndivyo vilivyomthibitisha mpiganaji kuwa ana nchi. Na kwa kuwa zilitaka kuonyesha nchi iliyokombolewa, nchi jirani iliyowapokea haikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Mwenyeji wa Nachingwea aliyeona malori yakipita usiku, au wa Ruangwa aliyejua kwamba kwa jirani kuna jambo lisilosemwa sokoni, amebaki nje ya picha. Siri ya kijeshi ilidai hivyo. Lakini siri ile imekwisha zamani, na picha haijapanuka.

Margaret Dickinson anastahili neno la ziada, kwani hakuwa mpiga filamu tu. Mwaka 1972 alichapisha jijini Nairobi When Bullets Begin to Flower, diwani ya mashairi ya Angola, Msumbiji na Guinea aliyoyachagua na kuyatafsiri mwenyewe kutoka Kireno. Mwaka mmoja kabla FRELIMO nayo ilikuwa imetoa kijitabu cha Poesia de Combate, chenye mashairi ya wapiganaji. Mengi si mashairi makuu. Mengine ni hotuba zilizokatwa mistari. Pamoja na hayo, shairi lina uwezo ambao kamera ya miaka ile haikuwa nao. Kamera iliweza kumwonyesha mtu amekaa kando ya moto. Kama anamwogopa adui, au kamanda wake, au anamkumbuka mama aliyemwacha bila kumuaga, hilo lilihitaji maneno, na maneno yake mwenyewe, si ya msimulizi aliyetiwa sauti London au New York.

Yapo pia yaliyofichwa ambayo hayakuwa siri ya kijeshi. Katika mwaka 1975, wakati Popović akifuata na kamera safari ya Samora kutoka Ruvuma hadi Maputo, iliyoanza tarehe 24 Mei na kuishia kwenye sherehe za uhuru, 25 Juni, Nachingwea ilikuwa imeshuhudia tukio la namna nyingine. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa Eduardo Mondlane, pamoja na Lázaro Kavandame, Joana Simeão na wengine, waliletwa kambini kama wasaliti, na Simango akasomeshwa hadharani ungamo refu. Baadaye waliuawa bila kufikishwa mahakamani, na jamaa zao wakaishi miaka mingi bila kuambiwa. Do Rovuma ao Maputo ni filamu ya furaha, na furaha ile haikuwa ya uongo. Ila kijana aliyepiga makofi uwanjani Nachingwea siku ya ungamo, na wiki chache baadaye akapita kwa shangwe katika miji ya nchi yake, alikuwa na maisha ya askari yaliyokamilika kuliko yale tunayoonyeshwa.

Filamu za kubuni zilipokuja, hazikufanya vema zaidi. O Tempo dos Leopardos ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Zdravko Velimirović kwa ushirikiano wa Msumbiji na Yugoslavia, ina mwili wa Kiafrika na mifupa ya sinema za Kiyugoslavia kuhusu vita dhidi ya Wajerumani. Na katika miaka iliyofuata, vibanda vya video vya Tanzania nzima, kusini vilevile, vilijaa Rambo, askari asiyebebewa chochote na mtu yeyote. Iliyomwokoa mtazamaji mara nyingine ilikuwa sauti ya mtafsiri. Wafasiri wa kanda, Lufufu akiwa maarufu kuliko wote, waliwatia wapiganaji wa Marekani mizaha na shida za uswahilini, hata komando akapata tumbo ambalo Hollywood ilimnyima. Wasomi hawajaipa sanaa hiyo heshima inayostahili.

Licínio Azevedo, katika Virgem Margarida ya mwaka 2012, alithubutu zaidi. Aliwaonyesha wapiganaji wa kike ambao, baada ya uhuru, hawakurudishwa makwao bali walipelekwa porini kuwalinda wanawake waliokamatwa mijini ili "waelimishwe upya". Mlinzi na mfungwa wote wawili wanataka kwenda nyumbani.

Lakini kazi iliyofika mbali kuliko zote haina hata mlio mmoja wa lazima. Mholanzi Ike Bertels aliwaona katika Behind the Lines wasichana watatu wapiganaji, Monica, Amelia na Maria, akashindwa kuwasahau. Akawatafuta. Mwaka 1984 alitoa filamu juu yao, na akaendelea kuwarudia hadi Guerrilla Grannies ya mwaka 2012, wakati wale wasichana wamekuwa mabibi wenye wajukuu, wakiishi kwa kuhesabu senti na kukumbuka ahadi walizopewa. Nyuso zilezile mtazamaji huziona zikiwa na miaka ishirini, kisha zikiwa na sitini na zaidi. Hapana tamthilia iliyoweza kulionyesha hilo, maana mwigizaji hupakwa mvi kwa saa moja.

Atakayetaka kuifanyia Nachingwea kazi kama hiyo hana budi kuharakisha. Aulize nani aliwauzia muhogo, nani alijifunza nyimbo zao kwa kuzisikia alfajiri, nani katika vijiji vya Ruangwa alisimuliwa na babu yake habari za ghala la Ruponda na watu waliobebeshwa mizigo hadi Ruvuma. Penye kambi ile sasa pana shule ya sekondari, nayo inaitwa Farm 17, kwa namba iliyotolewa na watu wa karanga.