Lelemama: chama cha bibi zetu, na funzo kwa bi harusi wa leo



Mwezi uliopita tulivuka kutoka Pemba kwenda Tanga, tumealikwa harusini Nguvumali. Usiku wa hina waliingia wanawake kama thelathini, wote wamevaa sare. Bi mkubwa tuliyekaa naye mkekani akacheka: “Mnadhani haya mmeyaanza nyinyi? Sisi tulikuwa na lelemama.” Wengi wetu tulijua lelemama ni ngoma tu. Kumbe ilikuwa na chama nyuma yake.

Ngoma hiyo ilichezwa na wanawake mwambao mzima, Lamu, Mombasa, Tanga hadi Dar es Salaam. Walijipanga mstari, nguo za namna moja, mikono ikienda taratibu kwa kufuata ngoma na zumari. Kila kundi lilikuwa na viongozi, vyeo na michango. Mombasa, miaka ya 1930 na 1940, vyama vilivyovuma ni Banu Saada na Ibinaal Watan. Mwanachama alipanda cheo kwa kuwalisha wenzake. Na akiozesha au akifiwa, wenzake ndio waliokuja kupika na kukaa naye.

Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyofikiri. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, na Tanganyika 1922. Wako wanawake waliotoka utumwani bila baba wa kumtaja wala ukoo wa kuwasimamia. Ndani ya chama walipata watu wa kuwaita wao.

Lakini tusiwapambe bibi zetu kupita kiasi. Vyama vilishindana, na mashindano yalikula mali. Hawa wakichinja mbuzi, wale watachinja ng’ombe. Nyimbo nazo zilitumika kumuumbua mtu mbele za watu. Masheikh hawakunyamaza: Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la al-Islah mwaka 1932, alikuwa miongoni mwa waliokemea israfu na kuiga yasiyo na faida.

Umoja ule ule ulifanya pia kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, Mwislamu wa Dar es Salaam na mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU. Hakuanza na waliosoma. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiunga.

Hapo ndipo vyama vya lelemama vilipoanza kufifia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mombasa ilipata vyama vipya vya wanawake wa Kiislamu, vyenye kuhimiza elimu na maendeleo. Tanganyika ikapata Umoja wa Wanawake mwaka 1962. Mabinti wakaenda shule, na taarab ikachukua nafasi harusini. Hakuna aliyevipiga marufuku. Watu walihamia kwingine, na waliobaki wakazeeka.

Sasa tuje kwako, bi harusi. Leo una kundi la WhatsApp, kamati, na sare mbili au tatu ambazo baadhi ya marafiki zako wamezikopea. Tunakuomba ujiulize: ukumbi ukifungwa, hawa watabaki kuwa nani kwako? Kama sare moja inatosha, ipunguze ya pili. Fedha hiyo muiweke pamoja, iwe ya mwenzenu atakayejifungua, atakayeuguliwa au atakayefiwa. Michango ya namna hii bibi zetu waliijua vizuri. Iliyowashinda ni ile ya kuonyeshana, na sisi nayo inatushinda.

Tulimuuliza yule bi mkubwa kama anaikumbuka sare yake ya lelemama. Alifikiri kidogo. “Rangi yake nimeisahau,” akasema. “Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wenzangu walinipikia uji siku arubaini. Huo siujasahau.”

Allah awajaalie ndoa zenye baraka na masahaba wema. Amin.