Usikivu wa Amplifaya

Ubavuni mwa karibu kila amplifaya ya gari, jirani na matundu ya RCA, jekundu na jeupe, pana kiskrubu cha plastiki kilichozama ndani ya kitundu chake. Vidole havikifikii, hugeuzwa kwa bisibisi bapa ndogo. Juu yake huchapwa neno GAIN au LEVEL, na mara nyingi kando zake huwa na tarakimu mbili: kushoto volti 6, kulia volti 0.2. Mafundi wa redio za magari hukiita geini, na ukiwauliza kazi yake, wengi watakujibu kwamba ni cha kuongeza sauti. Jibu hilo limeunguza spika nyingi sana. Silaumu mafundi. Jina walilopewa halisemi kitu hicho kinafanya nini, na Kiswahili kina nafasi ya kusema vizuri zaidi.

Gari linaloonyesha tatizo hili waziwazi kuliko yote ninayoyajua ni Mazda MX-5, gari dogo la michezo la viti viwili na paa la turubai. Lilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Chicago mwaka 1989, na huko Japani likauzwa kwa jina la Eunos Roadster. Toleo lake la kwanza lenye injini ya lita 1.6 lilikuwa na uzito wa chini ya tani moja. Tarehe 22 Aprili 2016 Mazda ilikamilisha gari la milioni moja la aina hiyo. Watu hulipenda kwa wepesi wake na kwa kuendesha ukiwa wazi chini ya anga, na hapo ndipo redio inaposhindwa. Ukishafika kilomita 90 au 100 kwa saa na paa limekunjwa, upepo hufunika kila kitu. Mazda wenyewe waliliona hilo mapema: baadhi ya matoleo ya mwanzo yalikuja na spika ndogo ndani ya viegemeo vya kichwa, sentimita chache tu kutoka masikioni mwa dereva.

Mwenye gari anapoamua kubadilisha mfumo wa sauti, mpangilio wa kawaida ni redio mpya, spika mpya za inchi 6.5 milangoni, na amplifaya ya chaneli nne ndani ya buti. Kwenye vizazi viwili vya kwanza vya MX-5 kuna bahati ya pekee: betri haiko chini ya boneti, iko hukohuko ndani ya buti, upande wa kulia. Waya mnene wa umeme, ambao kwenye magari mengi hulazimika kutobolewa njia kutoka kwenye injini hadi nyuma, hapa unakuwa mfupi mno. Fyuzi bado ni lazima, tena karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya wenyewe usiwake moto ukigusana na bodi. Waya wa ishara ndio unaosafiri kutoka dashibodi hadi buti, na kwa kuwa haupiti bega kwa bega na waya wa umeme, ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka kwa kufuata mwendo wa injini mara nyingi hausikiki.

Milango inataka subira. Ndani ya mlango mna maji; mvua hupita kwenye mpira wa kioo, ikateremka na kutokea kwenye matundu ya chini. Kwa hiyo ile karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya pambo la mlango isichanwe na kutupwa, na spika ipewe kikinga cha mvua upande wa juu. Tena kina cha spika kipimwe kioo kikiwa kimeshushwa chote, maana sumaku kubwa ikizidi kina kilichopo, kioo kitagota juu yake.

Kazi hiyo yote ikiisha, mwenye gari anafungua paa, anatoka barabarani, upepo unamzidi, anarudi kwenye buti na bisibisi. Anageuza kiskrubu kulia mpaka mwisho. Muziki unapaa. Baada ya wiki kadhaa spika moja ya sauti nyembamba imekufa, na lawama inatupiwa spika.

Neno lenyewe, geini, lina historia ndefu kuliko redio za magari. Katika uhandisi wa simu, mwanzoni mwa karne iliyopita, lilitaja uwiano: kinachotoka kwenye amplifaya kigawanywe kwa kilichoingia. Ishara ya volti 2 ikiingia na volti 14 zikatoka, uwiano ni 7. Tarehe 2 Agosti 1927 mhandisi Harold Black alikuwa ndani ya kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan, na juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times akachora mpango wa amplifaya inayorudisha sehemu ya matokeo yake mwanzoni, kinyumenyume, ili ijisahihishe. Gharama ya mpango huo ilikuwa kupoteza sehemu kubwa ya huo uwiano. Black aliitoa gharama hiyo bila kusita, kwa kuwa kukuza ishara kulikuwa rahisi. Kilichowashinda wahandisi wa simu kilikuwa kuikuza bila kuiharibu. Msingi huo bado umo ndani ya amplifaya tunazofunga leo.

Kwa uwiano huo wa vitabuni, Kiswahili hakina shida. Kamusi za kawaida zitakupa faida, ongezeko au pato, na yote matatu hayafai: faida ni ya dukani, na pato ni la mshahara. Ukuzaji ni jina la kazi nzima ya amplifaya, kwa hiyo halitofautishi kitu. Mimi nachukua neno la darasa la hesabu, kizidishi. Mwanafunzi yeyote anajua kizidishi ni nini, na sentensi inakaa vizuri: amplifaya hii ina kizidishi cha 7.

Lakini kile kiskrubu ni habari nyingine, na hapa ndipo Kiingereza kinapowapoteza hata wenyewe. Kukigeuza hakuongezi uwezo wa amplifaya hata wati moja. Amplifaya ya wati 50 kwa kila chaneli itabaki ya wati 50 kiskrubu kikiwa kushoto au kulia. Kinachobadilika ni ukubwa wa ishara inayohitajika ili ifikie hizo wati 50. Kikiwa kulia, kwenye 0.2, ishara ndogo ya volti 0.2 inatosha kuifikisha kileleni. Kikiwa kushoto, kwenye 6, lazima redio ilete volti 6. Ndiyo maana tarakimu zinapungua unapogeuza kulia, jambo linalowachanganya watu wengi wanaodhani wanaongeza kitu.

Neno la kitu hicho tunalo tayari, na linatumika kila siku kwenye mambo ya redio: usikivu. Mtu wa Kigoma akilalamika kwamba usikivu wa kituo fulani ni hafifu, anaeleweka mara moja. Anazungumzia jinsi ishara inavyomfikia. Na kwa binadamu, mtoto msikivu ni yule anayeambiwa kwa sauti ya chini akafuata. Hahitaji kupigiwa kelele. Amplifaya yenye usikivu mkubwa ni hiyohiyo: hunong'onezwa ikaitika kwa nguvu zake zote. Yenye usikivu mdogo hutaka kuambiwa kwa sauti. Ukimwambia fundi "punguza usikivu, redio hii inatoa volti 4", kiskrubu hakimdanganyi tena. Atajua kwamba anaoanisha vyombo viwili, na kwamba sauti ya muziki inaongezwa kwa kitufe cha redio.

Kuoanisha kwenyewe kunapimika. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 50 mara omu 4 ni 200, na kipeuo chake ni volti 14.1. Ondoa nyaya za spika, zima chujio na nyongeza zote za besi, weka sauti ya redio kwenye robo tatu ya mwisho wake, cheza toni safi iliyorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa, na ushike ncha za maltimita kwenye matokeo ya amplifaya, mita ikiwa upande wa volti za AC. Anza kiskrubu kikiwa kushoto kabisa. Geuza taratibu, utaona tarakimu zinapanda: 6, 9, 12. Karibu na mwisho mkono unapaswa kuwa mwepesi sana, kwa kuwa mguso mdogo wa bisibisi unarusha volti moja nzima. Ikifika 14.1, achia. Waelekezaji wengi hutaka toni ya hezi 1,000, lakini mita za bei nafuu zimeundwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 na nyingine husoma vibaya zikipandishwa huko. Toni ya hezi 100 ni salama zaidi kwa mita ya namna hiyo.

Ukipita hizo volti 14.1, wimbi halipati pa kwenda. Amplifaya haiwezi kutoa volti zaidi ya zile ilizo nazo, kwa hiyo kilele cha wimbi kinakatwa na kuwa bapa kama meza. Nakiita kukatwa vilele, na sioni haja ya neno jingine. Wimbi la mraba lenye kimo sawa na wimbi la toni safi lina nguvu mara mbili, hivyo koili ya spika inapokea joto ambalo haikuundwa kulibeba, huku sikio, hasa sikio lililojaa upepo, likisikia muziki uliochangamka tu. Usikivu uliopitiliza una adhabu nyingine ndogo: amplifaya inasikia hata isichotakiwa. Funga paa, simamisha gari, zima muziki bila kuzima redio. Ukisikia mchuruziko wa "sss" kutoka milangoni, hizo ni kelele za waya na za redio zilizokuzwa pamoja na wimbo.

Kwenye gari la paa la kukunja neno lilelile la Kiingereza linarudi kwa maana ya tatu. Sauti nzito, za chini ya hezi 60 au 70, hupata nguvu zaidi zikiwa ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, na hilo nalo huitwa geini, ya chumba. Halina uhusiano wowote na kiskrubu. Kwa Kiswahili tungesema mchango wa chumba, na tungeelewana kwamba paa likifunguliwa mchango huo unaondoka, besi inanyauka, na dereva anadhani amplifaya imechoka. Dawa yake ni kuhifadhi mipangilio miwili kwenye ikwalaiza ya redio, mmoja wa paa wazi na mmoja wa paa lililofungwa. Usikivu ubaki palepale ulipopimwa, kwa sababu mita haijui kama paa lipo.

Na ikiwa baada ya yote hayo upepo wa kilomita 100 bado unashinda? Kuongeza wati mara mbili kunaleta desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini haishangazi. Desibeli 3 hizohizo hupatikana kwa kuchagua spika nyingine, kwa sababu kila spika huuzwa na kipimo cha sauti inayotoa ikipewa wati moja na kusikilizwa umbali wa mita moja. Kiingereza hukiita kipimo hicho kwa neno lilelile la usikivu, na hapa nakataa kukifuata: spika haisikii, inatoa. Huo ni ufanisi wa spika. Yenye ufanisi wa desibeli 92 ikipewa wati 50 italia sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 100, bila waya mnene zaidi, bila amplifaya kubwa zaidi, na bila kuongeza kilo kwenye gari lililosanifiwa liwe jepesi.