Baga za kubonyeza juu ya makaa: chuma kishike moto, jiko libaki nje

Kwetu Pwani, nyama ya kima ina kazi zake: sambusa, kababu, mkate wa kima. Huku Nakuru ninakoishi siku hizi nimeizoea kwa namna nyingine: baga nyembamba inayobonyezwa juu ya bamba la chuma, chini yake makaa. Ndugu zangu wa Mombasa hunipigia simu kuuliza hupikwaje bila oveni wala gesi. Nawajibu nyote kwa pamoja, kwani mbali na ladha kuna mambo mawili yanayogusa uhai wa mtu.

Kwa nini bamba

Mchoma mishikaki huacha shahamu idondoke motoni. Baga hii hukaangika kwa shahamu yake yenyewe, ikafanya ganda la kahawia. Ganda hilo hutaka joto la nyuzi 140 na zaidi, kwa hiyo chuma lazima kikaushe maji ya nyama papo hapo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi; ndiyo maana maharagwe huku huchelewa kuiva. Chuma hakijali mwinuko. Kikishika moto, baga ya Nakuru na ya Likoni hazitofautiani.

Fundi wa jua kali atakukatia bamba la chuma cheusi lenye unene wa milimita 6. Kataa chuma kilichopakwa zinki kama mabati, kwani kwenye moto mkali huweza kutoa moshi wenye sumu. Tawa nzito ya chapati pia inafaa. Bamba lisifunike jiko lote, maana moto ukikosa hewa hufifia.

Nyama

Nyama ya ng'ombe wetu wengi haina shahamu nyingi. Mwambie mwenye bucha asage gramu 800 za nyama pamoja na gramu 200 za shahamu. Usiichanganye na chumvi mapema, itakaza kama soseji.

Namna ya kupika

1. Subiri makaa yapate jivu jeupe, kisha weka bamba kwa dakika 10 au zaidi. Dondosha tone la maji: likitokota na kukauka palepale, bado, likirukaruka kama shanga, tayari.
2. Weka donge la gramu 90 lililo baridi. Libonyeze kwa nguvu kwa mwiko bapa wa chuma ndani ya nusu dakika ya kwanza. Ukibonyeza baadaye, utakamua maji yote ya nyama. Nyunyiza chumvi na pilipili manga.
3. Baada ya dakika 2 hivi, kingo zikiwa kahawia, ikwangue uigeuze. Ipe dakika 1 nyingine.
4. Pasha skonzi pembeni, kisha tia kachumbari na pilipili ya ukwaju.

Tahadhari

Kwanza, kima isiliwe mbichi ndani. Katika pande zima la nyama, vijidudu hukaa juu. Ikisagwa, huchanganyika hadi katikati. Kati ifike nyuzi 71, kusibaki uwekundu. Wembamba wa baga hii husaidia, ila kwa watoto, wajawazito na wazee hakikisha zaidi.

Pili, makaa. Usiku wa Nakuru una baridi, na wengi hushawishika kuingiza jiko ndani baada ya kupika ili wapate joto. Msifanye hivyo, hata kama makaa yanaonekana kufa. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huenda asiamke. Mtu akiumwa kichwa, akipata kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoeni nje haraka, kisha mpelekeni hospitali. Kwa baridi, mablanketi yanatosha.