Kumwacha mtoto kwa mama mlezi wa mtaani: mambo ya kuangalia kabla ya kumkabidhi

Mwajiriwa anayejifungua hapa Tanzania ana haki ya likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua mapacha au zaidi. Siku 84 hazifiki miezi mitatu. Mama anayeuza vitunguu sokoni au anayefanya kibarua cha kuchambua alizeti hana hata hizo. Mtoto naye anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita. Pengo hilo ndilo linalozibwa na bibi, na dada wa kazi, au na mama wa mtaa anayepokea watoto wa wenzake nyumbani kwake kwa malipo ya siku au ya mwezi.

Makala hii inamhusu huyo wa mwisho. Siku za kliniki, akina mama wakisubiri mizani, maswali wanayoulizana ni matatu: anatoza shilingi ngapi, anakaa mbali kiasi gani, na anawafundisha kusoma? Mawili ya kwanza yana maana. La tatu liache kwanza. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hahitaji herufi wala Kiingereza. Anahitaji mtu wa kumwongelesha, kumwimbia na kumjibu anapobwabwaja, iwe kwa Kiswahili, Kinyaturu au Kinyiramba. Maswali yanayolinda uhai wake ni mengine.

Nenda saa saba mchana

Ukienda kuangalia nyumba asubuhi utakuta uwanja umefagiliwa na watoto wamenawa. Nenda saa saba mchana bila kutoa taarifa. Saa hiyo mlezi anapika, wadogo wana njaa au usingizi, na wakubwa wanaanza kurudi shuleni. Hapo utaona mambo yanavyokwenda kila siku. Mlezi anayekataa usiingie ndani saa hiyo ameshakujibu.

Hesabu watoto wote, wakiwemo wake mwenyewe. Kisha jiulize: nyumba ikishika moto, mtu huyu anaweza kubeba wangapi na kukimbia nao? Wasiotembea ni wawili, mmoja mgongoni na mmoja mkononi. Uingereza, mtu anayelea watoto nyumbani kwake kwa kawaida haruhusiwi kupokea zaidi ya mtoto mmoja aliye chini ya mwaka mmoja. Huku kwetu ni vigumu kufikia hapo, lakini mama mmoja mwenye vichanga watano hawezi kuwatazama wote, hata awe na moyo mzuri namna gani. Na tukubaliane kwamba bei inahusika: tukimlipa kidogo, au tukimlipa kwa kuchelewa, atajaza watoto ili apate hela ya unga.

Moto, maji na vilivyofichwa

Angalia anapopikia. Jiko la mkaa lililo chini kwenye njia ya mtoto anayetambaa, au sufuria ya uji iliyoachwa sakafuni ipoe, ni ajali inayosubiri siku yake. Jikoni pawe na kizuizi, hata ubao au benchi lililolazwa. Miezi ya Juni na Julai, upepo wa Singida ukivuma na baridi ikikaza, kuna watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto, kisha wanafunga mlango na dirisha. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Hili usilionee haya: mwambie mlezi wazi kwamba mwanao avalishwe sweta na soksi, jiko libaki nje.

Maji yanahitaji jicho zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kwa sababu maji ni ya kuteka, nyumba nyingi zina ndoo, mapipa na mabeseni yaliyojaa. Mtoto anayejifunza kusimama akitumbukia kichwa ndani ya ndoo hawezi kujitoa, na maji ya kina kifupi tu yanatosha kumzamisha. Hatapiga kelele. Ndoo zifunikwe, beseni limwagwe likishatumika, na kisima cha uwani kiwe na mfuniko mzito. Uliza pia maji ya kunywa yanatoka wapi. Baadhi ya visima vya mkoa wetu vina floraidi nyingi inayoharibu meno yanayoota, na kuchemsha hakuiondoi, ingawa kunaua vijidudu vya kuhara. Kama mtaani kuna chanzo kilichopimwa, omba maji ya watoto yatoke huko.

Halafu tazama chini ya vitanda na kwenye kona. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, dawa ya kunyunyizia vitunguu, sumu ya panya, vidonge vya bibi. Vyote vikae juu, mahali penye kufungwa. Mtoto akinywa mafuta ya taa asitapishwe, maana yakiingia kwenye mapafu yanaumiza zaidi. Akimbizwe kituo cha afya, na chupa yenyewe ibebwe.

Anapolala, na kwa nini analala sana

Kichanga alazwe chali, mahali tambarare, bila mto na bila blanketi zito linaloweza kumfunika uso, ndani ya chandarua. Asibanwe kitandani kati ya watoto wakubwa.

Kuna jambo linalosemwa kwa kunong'ona. Wapo walezi wanaowapa watoto dawa ya mafua inayoleta usingizi ili nyumba itulie. Dawa hiyo ikizidi, mtoto mdogo anaweza kushindwa kupumua vizuri. Ukiona mwanao anarudi amelegea kila jioni, haamki vizuri kunyonya, lakini Jumapili akiwa nyumbani amechangamka, usipuuze. Muulize mlezi ana kwa ana, na mpeleke mtoto akapimwe.

Nani mwingine yupo?

Mama mlezi unamfahamu, labda mnasali pamoja. Je, waliomo ndani unawafahamu? Uliza kuhusu wapangaji, vijana wa nyumbani, wageni wanaolala hapo. Uliza hasa: "Ukienda kuteka maji au dukani, watoto unamwachia nani?" Jibu la "namwachia binti yangu wa darasa la pili" maana yake unamlipa mtu mzima lakini mtoto analelewa na mtoto. Jibu zuri lina jina la mtu mzima, na mtu huyo uonyeshwe.

Maziwa na uji

Mwenye ajira ana haki ya kupewa muda wa kunyonyesha, hadi jumla ya saa mbili kwa siku, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kama mlezi yuko karibu na kazini, nenda ukanyonyeshe. Kama yuko mbali, kamua maziwa asubuhi kwa mikono safi, uyaweke kwenye chombo kilichochemshwa chenye mfuniko. Nje ya friji yatumike ndani ya saa nne. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi. Chupa na chuchu zake ni vigumu kusafisha, na huko ndiko kuhara kunakoanzia. Mwambie mlezi, na urudie: maji hapana, uji bado. Wengi humpa mtoto maji kwa kumhurumia, wakiona jua kali.

Akivuka miezi sita, uji wa mtama au uwele uwe mzito, usitiririke kwenye kijiko, na uongezwe karanga zilizosagwa, yai au mafuta kidogo ya alizeti. Uji mwepesi unajaza tumbo tu.

Akiugua ukiwa mbali

Mwachie mlezi namba mbili za simu, yako na ya ndugu mwingine, na kadi ya kliniki ijulikane ilipo. Kubalianeni kwamba hampi dawa yoyote bila kukupigia. Lakini mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea bila kuamka au akipumua kwa shida, aende kituo cha afya kwanza, simu baadaye. Mwachie nauli ya bodaboda kwa ajili hiyo.

Watoto wakikaa pamoja, ugonjwa wa mmoja ni wa wote. Hakikisha mwanao amemaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14, kisha ya surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Muulize mlezi kama anadai kadi kwa kila anayempokea. Anayeulizia kadi yako kabla hujamwonyesha ni wa kumshika.

Kuhusu karatasi

Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na wa kuulizwa ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mama wengi wanaolea nyumbani hawajafika huko, wengine wakidhani wataadhibiwa. Mimi huwashauri wazazi waende naye kwa afisa, wakiwa kundi. Cheti hakifuniki ndoo ya maji, lakini mlezi anayetambulika hutembelewa na kuelekezwa.

Wiki ya kwanza na baada ya hapo

Anza na saa mbili, kesho yake nusu siku, nawe ukae naye kidogo mwanzoni. Kulia unapoondoka ni kawaida na mara nyingi hupungua kadiri anavyomzoea mlezi. Jioni muogeshe wewe mwenyewe na umtazame mwili mzima. Alama za kuchapwa, kuungua, maumivu au michubuko sehemu za siri, au mtoto kuanza kumwogopa mtu fulani, ni sababu ya kutomrudisha kesho yake, hata kama utakosa kazi siku hiyo. Mpeleke kituo cha afya, toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure.