Ndege anayeonyesha asali: urafiki wa pori usio na kamba

Vijana wanaopenda michezo ya kompyuta wanajua ile ambamo unaigiza mtu wa pori mwenye mnyama wake anayemfuata kila mahali. Katika miombo, pori letu la Katanga, kuko urafiki kama huo, lakini wenyewe si wa kuigiza. Ni kati ya mtafuta asali na ndege mdogo.

Ni ndege gani?
Wataalamu wanamwita Indicator indicator. Tanzania wanasema mlembe. Ana uzito wa gramu 50 hivi. Chakula anachopenda ni nta, lakini hana nguvu ya kupasua mti, na nyuki wanaweza kumuua. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki wako mti gani. Basi kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Wanafanyaje kazi?
Ndege anakuja karibu na mtu, analia kama mtu anayetikisa kibiriti, anaruka mti hadi mti huku akingoja afuatwe. Mtu anawasha moshi, anapasua, anachukua asali na kumwachia masega. Wazee wa sehemu nyingi za Afrika wanaonya: ukimnyima, siku nyingine atakupeleka kwa simba.

Hakuna anayemfuga. Hata mama yake hamlei: anataga ndani ya viota vya ndege wengine na kwenda zake.

Utafiti unasema nini?
Kaskazini mwa Kenya, kwa Waborana, utafiti wa 1989 ulionyesha kwamba kutafuta asali bila ndege kulichukua saa 8.9 kwa wastani. Pamoja naye, saa 3.2. Huko Niassa, Msumbiji, Wayao wanamwita kwa mlio wao wa urithi. Utafiti wa 2016 ulikuta mlio huo unapandisha nafasi ya kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa Tanzania wao wanapiga mluzi. Mwaka 2023 ikaonekana kwamba ndege wa kila sehemu anaitika zaidi mlio wa watu wa kwake. Maana yake, anajifunza lugha ya majirani zake.

Kwa nini inatuhusu?
Kwa sababu lugha isiyosemwa inakufa. Hapa Likasi jikoni mwetu tunapika kwa makala, na makala ni miti ya miombo. Mti mkubwa wenye tundu ukianguka, nyuki wanahama. Watu wakiacha kwenda kutafuta asali, ndege naye hana wa kumwita. Kuna sehemu za Afrika ambako tayari ameacha kuongoza watu.

Kupanda miti tena kunawezekana, hata kama kunachukua miaka. Lakini mlio ukishasahaulika, hakuna mbegu yake. Kama babu yako alikuwa anatafuta asali, umuulize leo: alikuwa anamwita ndege namna gani?