Tenki la Vitz ni lita 42: Je, linakufikisha Dodoma?

Anayetaka kununua gari dogo huwa na maswali mawili: linakula mafuta kiasi gani, na ukijaza tenki unafika wapi? La kwanza kila fundi ana jibu lake. La pili wengi wanakisia tu, na kukisia huko ndiko kunakowaacha watu barabarani usiku na familia ndani ya gari.

Jibu fupi ni hili: ukubwa wa tenki peke yake haukwambii unafika wapi. Unahitaji namba mbili. Ya kwanza ni lita unazoweza kutumia bila kugusa akiba. Ya pili ni kilomita ambazo gari lako, kwa uendeshaji wako, linatembea kwa lita moja. Zidisha hizo mbili, umemaliza.

Tenki za magari madogo zina lita ngapi?

Haya ni baadhi ya magari tunayoyaona kila siku mtaani:

- Toyota IST (2002–2007): lita 45
- Toyota Vitz (2005–2010): lita 42
- Honda Fit (2007–2013): lita 42
- Toyota Passo (2004–2010): lita 40
- Suzuki Alto (iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2014): lita 27

Hizi ni za matoleo ya kawaida ya petroli yanayovuta kwa matairi mawili. Toleo la 4WD au la haibridi linaweza kuwa na tenki tofauti, kwa hiyo angalia kitabu cha gari lako.

Tenki kubwa si lazima lifike mbali

Tuseme una Alto inayotembea kilomita 20 kwa lita. Lita 27 mara 20 ni kilomita 540. Jirani yako ana IST inayotembea kilomita 12 kwa lita. Lita 45 mara 12 ni kilomita 540 vilevile. Mmefika sehemu moja, ila yeye amelipia lita 18 zaidi.

Hata gari kubwa halikwepi hesabu hii. Land Cruiser Prado ya 150 ina tenki la lita 87, zaidi ya mara mbili ya Vitz. Likitembea kilomita 8 kwa lita, linafika kilomita 696. Vitz yenye kilomita 15 kwa lita inafika 630. Tenki mara mbili, lakini umbali unaoongezeka haufiki hata kilomita 70.

Namba ya Japan na foleni ya Ubungo

Magari mengi haya yanatoka Japan yakiwa yametumika, na tangazo linaandika kilomita 20 au zaidi kwa lita. Si kwamba namba hiyo imetungwa. Imetoka kwenye kipimo cha maabara.

Kipimo cha zamani cha Japan, kinachoitwa 10-15, kilipima gari likiwa juu ya mashine, huku mwendo wa juu kabisa ukiwa kilomita 70 kwa saa. Kilichofuata, JC08, kiliishia karibu kilomita 82 kwa saa. Humo hamna abiria watano, hamna gunia la mchele kwenye buti, hamna kusimama dakika 20 Ubungo kiyoyozi kikiwa kinavuma.

Kwa hiyo ichukue namba ya tangazo kama njia ya kulinganisha gari na gari. Usiipangie safari.

Pima mwenyewe: jaza, tembea, jaza tena

Wengi wetu hatujui gari linakula kiasi gani kwa sababu tunanunua mafuta kwa noti. "Weka ya elfu kumi" leo, "weka ya elfu ishirini" kesho, na mshale wa geji haupandi hata nusu. Ukinunua hivyo miaka mitano bila kuandika popote, bado hutajua.

Fanya hivi mara moja tu:

1. Nenda sheli, jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe. Usiongeze.
2. Rudisha kihesabio cha safari kwenye dashibodi kiwe sifuri.
3. Endesha kama kawaida, angalau kilomita 200.
4. Rudi sheli ileile, jaza tena mpaka pampu ikate.
5. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza mara ya pili.

Mfano: umetembea kilomita 434, zimeingia lita 31. Gari lako linatembea kilomita 14 kwa lita. Rudia mara mbili au tatu, kisha tafuta wastani. Namba ya mjini na ya safari ndefu ziandike tofauti, maana hazifanani.

Toa lita za akiba

Taa ya mafuta kwenye magari mengi madogo huwaka zikibaki lita 5 hadi 7 hivi. Hizo zihesabu kama hazipo. Kwa Vitz ya lita 42, toa 6, unabaki na lita 36 za kupangia safari.

Kuna sababu nyingine ya kutokusubiri taa. Kwenye magari mengi ya petroli ya kisasa, pampu ya mafuta imekaa ndani ya tenki na inapozwa na mafuta yenyewe. Ukizoea kutembea na taa inawaka, pampu inafanya kazi kwenye joto zaidi na maisha yake yanaweza kupungua.

Geji nayo usiiamini sana. Ndani ya tenki kuna boya linalopanda na kushuka na mafuta, na tenki lenyewe halina umbo la boksi lililonyooka. Ndiyo maana kwenye magari mengine nusu ya juu inaonekana kukaa muda mrefu, halafu nusu ya chini inakimbia.

Sasa twende Dodoma

Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni takriban kilomita 450. Tumia zile lita 36:

- Kilomita 14 kwa lita: unafika 504. Dodoma umeingia na taa haijawaka.
- Kilomita 12 kwa lita: unafika 432. Taa inawaka kabla ya Dodoma.
- Kilomita 10 kwa lita: unafika 360. Lazima uongeze njiani.

Gari ni lilelile, tenki ni lilelile. Kilichobadilika ni mzigo, upepo wa matairi, mwendo na mguu wako. Ukitoka 80 kwenda 110 kwa saa, upinzani wa hewa unakaribia mara mbili, na anayelipia ni wewe.

Kwa pesa pia inaonekana. Tuseme lita ni Sh3,000, kwa mfano tu, maana EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na hutofautiana mkoa kwa mkoa. Safari hiyo kwa kilomita 14 ni takriban Sh96,000. Kwa kilomita 12 ni Sh112,500. Tofauti ni zaidi ya Sh16,000, kwenda tu.

Wa Iringa na Mbeya, jazeni Morogoro

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Kwa tenki moja la gari dogo, usijaribu. Baada ya Morogoro barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo wanyama wanavuka wakati wowote. Si mahali pa kushuka na kutembea kutafuta mafuta. Mbele yake kuna mlima wa Kitonga, ambapo gari dogo lenye mzigo hupanda kwa gia nzito na kula zaidi ya kawaida.

Kanuni rahisi kwa safari ndefu: geji ikifika nusu, ingia sheli inayofuata. Usibebe petroli kwenye kidumu ndani ya gari, mvuke wake unawaka kirahisi. Na pampu ikikata, mwambie mhudumu aishie hapo. Ile nafasi ya juu imeachwa kwa ajili ya mafuta kutanuka na mvuke, na ukiijaza unaweza kuharibu mfumo wa kunasa mvuke bila kupata umbali wa maana.

Kabla ya safari yako ijayo, pata namba yako. Inakugharimu kujaza tenki mara mbili na kugawanya mara moja kwenye kikokotoo cha simu.