Vivekananda: miaka ya mwisho na hekalu la Belur

Swami Vivekananda (12 Januari 1863 – 4 Julai 1902) alikuwa mtawa wa Kihindu kutoka Calcutta, siku hizi Kolkata, mwanafunzi wa Ramakrishna na mwanzilishi wa Ramakrishna Mission. Wengi humjua kwa hotuba zake za Chicago za mwaka 1893. Makala hii inahusu takriban miezi 19 ya mwisho wa uhai wake, pamoja na hekalu lililojengwa pale mwili wake ulipochomwa, huko Belur, ukingo wa magharibi wa mto Hooghly, ambao ni tawi la Ganga.

Alirudi kutoka ziara yake ya pili ya nchi za Magharibi kabla ya wakati. Akiwa Cairo aliamua ghafla kukatisha safari, akapanda meli hadi Bombay, na jioni ya 9 Desemba 1900 akatokea Belur bila kumwarifu mtu. Lango lilikuwa limefungwa na kengele ya chakula ilikwisha kulia. Akaruka kuingia ndani, akaketi na watawa wenzake kula khichuri, mseto wa mchele na dengu. Hapo ndipo alipopata habari kamili za msiba wa Kapteni Sevier, Mwingereza aliyeanzisha pamoja na mkewe makao ya watawa ya Mayavati, kwenye milima ya Himalaya. Januari 1901, katika baridi kali, akapanda huko kumpa pole mjane.

Tayari alikuwa mgonjwa. Pumu ilimnyima usingizi, kisukari kilimdhoofisha, na miguu ilikuwa ikivimba. Tabibu wa Ayurveda alipata kumkataza maji na chumvi kwa siku 21, naye akashika masharti hayo mpaka mwisho.

Jambo kubwa la kipindi hiki ni kukabidhi kazi. Ardhi ya Belur ilinunuliwa mwaka 1898, kwa sehemu kubwa kwa fedha za mfuasi wake Henrietta Müller. Mwanzoni mwa 1901 Vivekananda alitia saini hati ya kuihamishia kwa wadhamini, wote watawa wenzake, na Swami Brahmananda akachaguliwa kuwa rais. Hakujibakizia cheo. Uamuzi huo, kwa mtu aliyekuwa maarufu kuliko wote waliomzunguka, unastahili kutajwa mbele ya hotuba zake nyingi. Wakati huohuo manispaa ya Bally ilikataa kuisamehe nyumba ya watawa kodi, ikidai ni jumba la starehe la Vivekananda binafsi. Shauri likafika mahakamani na watawa wakashinda.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya kawaida mno. Alifuga mbwa aitwaye Bagha, mabata, kondoo, na mwanambuzi Matru aliyemfunga njuga shingoni. Brahmananda, aliyependa bustani, alilalamika wanyama wakivuka mpaka, na wakubwa hao wawili waligombania mpaka huo kama watoto. Vibarua wa kabila la Santal walikuwa wakisawazisha kiwanja, naye alipenda kuzungumza nao. Alipotaka kuwakirimu walimweleza kwamba chumvi iliyoguswa na watu wa nje ni mwiko kwao. Akaagiza wapikiwe bila chumvi, wakaandaliwa puri, mboga, mithai na maziwa mgando. Mapema 1902 alisafiri kwenda Bodh Gaya na Varanasi, safari yake kubwa ya mwisho.

Siku ya 4 Julai 1902 aliamka akiwa na nguvu kuliko kawaida. Asubuhi alitafakari peke yake kwa saa nyingi katika chumba cha ibada, milango imefungwa. Alikula mchana pamoja na wenzake, kisha akafundisha vijana sarufi ya Sanskrit, na alasiri akatembea na Swami Premananda, akimweleza nia yake ya kuanzisha chuo cha kufundisha Veda. Usiku, baada ya saa 3, alifariki chumbani mwake akiwa na umri wa miaka 39. Wafuasi wake huamini kwamba aliuacha mwili kwa hiari, hali iitwayo mahasamadhi.

Siku chache kabla alikuwa ameonyesha mahali pa kuchomea mwili wake: kando ya mto, karibu na mti wa bel, mti mtakatifu wa Shiva, ambao alizoea kuketi chini yake. Ng'ambo ya pili ni Cossipore, ambako mwili wa Ramakrishna ulichomwa mwaka 1886. Mazishi yalifanyika 5 Julai, na Sister Nivedita, mfuasi wake kutoka Ireland, alikuwepo.

Hekalu lililosimama juu ya mahali hapo liliwekwa wakfu 28 Januari 1924, zaidi ya miaka 21 baadaye. Si kubwa. Lina orofa mbili: chini kuna sura ya Vivekananda iliyochongwa kwenye marumaru, na juu kuna alama ya Om ya alabasta kwa herufi za Kibengali. Pembeni umeota mti wa bel uliopandwa badala ya ule wa zamani. Hekalu kuu la Ramakrishna, lililo katika kiwanja hichohicho na ambalo wazo lake lilikuwa la Vivekananda mwenyewe, lilikuja kuwekwa wakfu mwaka 1938.

Hekalu la Belur ni tofauti na Jengo la Ukumbusho wa Vivekananda lililozinduliwa mwaka 1970 kwenye mwamba wa Kanyakumari, ncha ya kusini ya India. Hilo linakumbuka tafakuri yake ya Desemba 1892, kabla hajaenda Marekani.